KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA: Kodi yako iliyozidi imelala wapi?

Kijana mwenzangu wa Arusha, kabla hujafungua ukurasa wa michezo kusoma habari za Simba na Yanga, nakuomba dakika chache tu. Nina swali. Hivi unajua kwamba inawezekana kabisa Serikali hii inayokukimbiza kila siku na risiti, leseni na ushuru, yenyewe inadaiwa na wewe?

Usicheke. Sisemi deni la barabara mbovu wala dawa zisizopatikana hospitalini. Nasema pesa taslimu. Shilingi zako, ulizotoka jasho ukazipata, zikakatwa kwenye mshahara au kwenye malipo ya kibarua chako kuliko inavyotakiwa kisheria, zikaingia Hazina, na mpaka leo zimelala huko zinakoroma. Sheria inasema kodi iliyozidi inarudishwa kwa mwenyewe. Lakini nenda kaulize Kaloleni, nenda Ngarenaro, nenda Unga Limited, umtafute kijana mmoja aliyewahi kurudishiwa hata buku. Utazunguka mpaka kiatu kiishe soli.

Waswahili walishamaliza zamani: kukopa harusi, kulipa matanga. Wakati wa kuchukua ni ngoma na vigelegele. Wakati wa kurudisha ni kilio na simanzi.

SAA MBILI KWENYE MNARA MMOJA

Pale katikati ya mji tuna Mnara wa Saa, na saa yake inasoma sawasawa kwa mwenye gari na kwa mtembea kwa miguu. Kodi ya Tanzania siyo hivyo. Ina saa mbili, moja ya kwako, nyingine ya watawala.

Saa ya kwako inakimbia. Mwajiri akishakukata kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, anatakiwa aipeleke Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kama una biashara, unakadiriwa mapato ya mwaka ambao hata haujaisha, unalipa kwa mafungu manne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha Desemba 31, una miezi sita ya kupeleka ritani. Ukichelewa kulipa, riba inakupiga kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Sehemu ya mwezi, ndugu yangu! Ukichelewa siku mbili wanaweza kukuhesabia kama umechelewa mwezi mzima. Ukiendelea kukaidi, sheria inawaruhusu waende benki yako wachukue wenyewe. Mambo hayo yalifika mahali Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, Aprili 2021, akawaonya watoza kodi hadharani waache mabavu na kuvamia akaunti za wafanyabiashara. Siyo sisi wapinzani tuliosema. Amesema mwenye nyumba.

Sasa tazama saa ya pili. Wewe ukizidishiwa, hakuna anayekupigia simu. Hakuna gari la TRA linalosimama mlangoni kwako Sakina likisema, "Kijana, tulikukata zaidi, chukua chako." Mpaka wewe ugundue mwenyewe, ukusanye karatasi mwenyewe, uombe kwa maandishi, usubiri uhakiki, usubiri idhini, kisha usubiri fungu. Na saa hiyo ikisimama, hakuna anayekwenda benki ya Serikali kukuchukulia.

Huo ndio ugomvi wangu leo. Sipingi kodi. Nchi bila kodi haina shule wala zahanati, na anayekudanganya kwamba kodi ni haramu anakutafutia matatizo. Ninachopinga ni deni la upande mmoja. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo haijaandikiwa walalahoi peke yao.

INAZIDI VIPI?

Utaniuliza, kodi inazidije wakati kuna jedwali? Njoo nikupe hesabu. Shika kalamu.

Kwa mfanyakazi mkazi wa Tanzania Bara, jedwali la mwezi linakwenda hivi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Inayozidi hapo mpaka 520,000 inatozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20. Kutoka 760,000 mpaka milioni moja ni asilimia 25. Zaidi ya milioni moja ni asilimia 30. Lakini sheria yenyewe ya kodi ya mapato, ile ya mwaka 2004 na marekebisho yake, inapima mapato ya mtu kwa mwaka. Kiwango kisichotozwa ni shilingi 3,240,000 kwa mwaka, yaani 270,000 mara 12.

Kwa mwalimu mwenye mshahara uleule Januari hadi Desemba, hesabu hizo mbili zinakutana. Hana tatizo. Lakini sisi watu wa chini ya Mlima Meru hatuishi hivyo. Mji wetu unakula kwa msimu. Watalii wakijaa Juni mpaka Oktoba, dereva anaamka saa kumi alfajiri kuelekea Tarangire na Ngorongoro. Masika ya Aprili na Mei ikiingia, dereva huyohuyo anacheza bao kijiweni.

Mchukue kijana aliyeajiriwa na kampuni ya utalii kwa miezi mitano tu. Mshahara wake unaotozwa kodi, baada ya mchango wa NSSF kutolewa, ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Mhasibu anafungua jedwali la mwezi na kumkata 103,000. Mara miezi mitano, 515,000. Msimu umekwisha, kijana karudi Sanawari, na mwaka huo hakupata kipato kingine. Mapato yake ya mwaka mzima ni milioni nne na nusu. Piga sasa hesabu ya mwaka: toa 3,240,000 isiyotozwa, inabaki 1,260,000. Asilimia 8 yake ni shilingi 100,800. Basi!

Alikatwa 515,000. Kwa hesabu ya mwaka ni 100,800. Tofauti ni shilingi 414,200. Hiyo ni kodi ya chumba cha uswahilini kwa miezi kadhaa. Hiyo ni ada ya mdogo wako. Hiyo ni mtaji wa kuanzia genge la mitumba pale Kilombero. Nani kamwambia huyo kijana kwamba ana cha kudai? Hakuna. Na ujanja wenyewe umekaa hapa: mwenye kipato cha ajira pekee halazimiki kupeleka ritani. Linasikika kama jambo la huruma, kumpunguzia mtu usumbufu. Kumbe kwa mtu wa msimu, asiyepeleka ritani hesabu yake ya mwaka haipigwi na mtu, na alichokatwa ndiyo kimekwenda.

Njia ya pili ya kuzidi ni kodi ya zuio. Ukifanya kazi ya huduma kwa kampuni kama mtu wa kujitegemea, unakatwa asilimia 5 kabla hujaiona pesa. Inakatwa kwenye malipo yote, siyo kwenye faida. Mafuta uliyotia, spea uliyonunua, kibarua uliyemlipa, hayo hayamhusu anayekata. Mimi mwandishi wa kujitegemea nayajua hayo kwa ngozi yangu. Kuna ofisi moja nisiyoitaja ilinikata, nikaomba hati ya zuio, nikaambiwa nije kesho. Kesho hiyo haijafika.

Angalia lakini usije ukachanganya. Siyo kila kodi ya zuio inarudi. Nyingine ni ya mwisho, ikikatwa imekatwa, kama ile ya riba ya akiba yako ya kawaida benki. Ya kudai ni ile inayohesabiwa kama malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka.

Njia ya tatu ni makadirio. Hapa Arusha haitaji shule kuielewa, ikumbuke 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, waliingia kama 620,000 tu. Kampuni na waongozaji waliojikadiria mapema mwaka ule kwa matumaini ya 2019, wakalipa fungu la Machi, walijikuta wamelipia faida ambayo haikuzaliwa. Sheria inakuruhusu kurekebisha makadirio mwaka ukiendelea, lakini wangapi walijua? Wengi walikuwa wanahangaika kuuza magari.

KWA NINI INACHELEWA?

Sasa tuje kwenye kiini. Ukisikia marejesho yamechelewa, usikubali neno hilo liishie hapo kama moshi. Kuchelewa kuna mahali pake. Faili halipotei hewani, limekaa kwenye meza fulani. Kazi yako ni kujua meza ipi.

Meza ya kwanza ni yako mwenyewe. Hujaomba. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka ombi la maandishi, na ina kikomo, miaka mitatu tangu kodi ilipolipwa. Ukikaa kijiweni ukilalamika mpaka miaka mitatu ipite, umewazawadia. Watawala wanapenda sana mdai wa kijiweni, maana hana gharama.

Meza ya pili ni ya mwajiri. Huyu ndiye mchawi asiyetajwa. Anakukata kila mwezi, kwenye karatasi ya mshahara inaonekana PAYE imekwenda, kumbe ama hajaipeleka, ama kaipeleka bila kuandika namba yako ya mlipakodi, TIN. TRA ikifungua kompyuta yake, jina lako halipo. Utarudishiwaje pesa ambayo kwenye vitabu vyao hukuitoa? Na kama umegundua mchango wako wa NSSF una mapengo, basi shtuka. Tajiri anayekula mchango wa uzee wako haoni haya kula na kodi yako.

Meza ya tatu ni ya majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, TIN inasema vile, akaunti ya benki ina jina la ubatizo ambalo hata shangazi yako alishalisahau. Wengi wetu TIN tuliichukua kwa haraka ili tupate leseni ya udereva, hatukuitazama tena. Herufi moja inatosha kulilaza faili.

Meza ya nne ni ya deni la zamani. Kabla hujarudishiwa, TRA inaangalia kama unadaiwa kodi nyingine, na ikikuta deni inakata humohumo. Hapa vijana wengi wanaumia bila kujua. Ulifungua kibanda cha simu Kijenge, ukasajili biashara, ukakadiriwa. Kibanda kikafa ndani ya miezi minne, ukafunga mlango ukaenda zako, hukuwaandikia kwamba umefunga. Wewe unaona biashara imekufa. Kwenye kompyuta bado inahema, na inazaa deni.

Meza ya tano ni ya uhakiki. Na hapa niwe mkweli, maana gazeti la kusema kweli halichagui. Siyo kila kuchelewa ni hujuma. Wapo matapeli wanaotengeneza risiti za bandia na kudai marejesho ya kodi ambayo hawakulipa, hasa kwenye VAT. Ofisa anayehakiki analinda pesa yako na yangu. Uhakiki sawa. Lakini uhakiki usio na tarehe ya mwisho siyo uhakiki tena, ni kufungwa bila hukumu.

Meza ya sita ndiyo kubwa kuliko zote, na haipo Arusha. Ipo Hazina. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 135, inasema mapato ya Serikali yanaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na ibara ya 136 inaweka masharti ya kutoa fedha humo. Shilingi yako ikishazama kwenye mfuko huo, inakaa foleni moja na mishahara, madeni ya wakandarasi, safari za vigogo na magari yao yenye vioo vyeusi. Kila mwezi tunatangaziwa kwamba TRA imevunja rekodi, trilioni hii, trilioni ile, na wakubwa wanapigiana makofi. Wewe jiulize: ofisa anayepimwa kwa kiasi alichokusanya ana haraka gani ya kukurudishia? Kila anachokurudishia kinapunguza kapu alilotumwa kulijaza. Huhitaji shahada kuliona hilo. Mwuza nyanya wa Soko Kuu analiona.

KAGUA MWENYEWE, USIMTUME KISHOKA

Basi ufanyeje? Usimwendee kishoka wa mlangoni anayekwambia "nina mtu wangu ndani". Huyo atakula pesa yako mara ya pili. Kuomba haki yako hakuhitaji kitu kidogo. Fuata hatua hizi.

Kusanya karatasi zote za mshahara za mwaka husika. Kama unalipwa kwa simu au benki, toa taarifa ya akaunti. Piga hesabu ya mwaka kama nilivyokuonyesha hapo juu, uone kama umezidishiwa na kwa kiasi gani. Ukiona hujazidishiwa, lala usingizi, hakuna deni.

Mwandikie mwajiri barua ya kudai hati ya kodi ya zuio. Siyo fadhila. Sheria inamtaka akupe kabla ya Januari 30 kupita, kwa mwaka ulioisha, na kama umeacha kazi katikati, isizidi siku 30 tangu ulipoacha. Dereva wa msimu, sikia hapo: usiondoke getini na begi tu, ondoka na hati. Hati ndiyo ushahidi kwamba ulikatwa.

Nenda TRA na TIN yako na kitambulisho, au ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi kwa mtandao, uombe taarifa ya akaunti yako yote. Soma mwezi kwa mwezi ulinganishe na karatasi zako za mshahara. Mwezi uliopo kwako na haupo kwao, huo ndio mwezi wa kumkaba mwajiri. Angalia pia kama kuna deni la biashara uliyokwisha kuifunga, uandike barua ya kulifuta kabla halijakula marejesho yako. Hakikisha majina yanafanana NIDA, TIN na benki.

Peleka ritani ya mwaka, hata kama hulazimishwi, ili hesabu iwepo kwenye kitabu chao. Kisha peleka ombi la marejesho kwa maandishi, kiasi ukitaje mpaka shilingi ya mwisho, viambatanisho uviorodheshe. Ukipeleka kwa mkono, dai nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukipeleka kwa mtandao, tunza namba ya kumbukumbu kama unavyotunza namba ya siri ya simu. Mdai asiye na tarehe ni mpiga soga.

Ukienda kufuatilia, usiulize "vipi mzee, ile kitu yangu?" Utajibiwa "inashughulikiwa", na neno hilo limezika haki nyingi. Uliza kwa heshima lakini kwa kunyoosha: Faili langu liko kwa ofisa, liko kwa wakaguzi, au limeshaidhinishwa linasubiri fedha? Kama ni uhakiki, kinapungua kitu gani? Kama ni fedha, liliidhinishwa tarehe ngapi? Majibu yaandike, na jina la cheo cha aliyekujibu. Zikipita siku 90 huna jibu la maana, nakushauri uandike barua ya pili ukiitaja ya kwanza.

Wakikukatalia kwa maandishi na huridhiki, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Juu yake ipo Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na kwa hoja ya kisheria mpaka Mahakama ya Rufani. Na kama unachopigwa ni danadana, siyo hesabu, ipo pia ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya kodi, TOST, ambayo kazi yake ni kusikiliza watu walionyanyaswa au kucheleweshwa na watoza kodi. Ofisi hiyo iliwekwa kisheria 2019. Imewekwa kwa ajili yako, itumie.

TUNALODAI

Tazama sasa usawa wa sheria hii. Wakikukadiria wao kodi ukaipinga, sharti la pingamizi lako ni kuweka kwanza theluthi moja ya kodi waliyokadiria, au kile ambacho hukibishii, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akuhurumie. Yaani ulipe ndipo usikilizwe. Wewe ukiwadai wao, wanaweka theluthi ya nini? Hawaweki kitu! Pesa yote imekaa kwao, na wao ndio wanaoamua waikague lini.

Halafu kumbuka Novemba 2015. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotinga bandarini Dar es Salaam, ikabainika makontena 349 yalipita bila kodi, yenye thamani ya kodi ya shilingi bilioni 80, na Kamishna Mkuu wa TRA wa wakati huo akasimamishwa kazi. Makontena, ndugu yangu, siyo sindano! Yalipita mbele ya macho. Lakini 414,200 za kijana wa Sanawari zinahakikiwa herufi kwa herufi. Kwa mkubwa, chandarua. Kwa mdogo, kokoro.

Vuka Namanga uone jirani. Kenya kila mwenye kipato na namba ya kodi anapeleka ritani kila mwaka kabla Juni 30 haijapita, mwajiri anampa fomu ya P9 inayoonyesha kila senti aliyokatwa, na dai la marejesho linawekwa na kufuatiliwa kwenye mfumo wa mtandao. Sisemi Kenya ni peponi, huko nako wanapiga kelele marejesho yanachelewa. Lakini mfanyakazi wa kule amezoea kujua mwaka umeishaje. Wa kwetu anajua tu amebakiwa na shilingi ngapi.

Oktoba 2024 Rais alizindua Tume ya kutathmini mfumo wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tume nzuri, majina makubwa. Sisi tunataka mambo manne madogo, hayahitaji tume. Moja, kila mfanyakazi apigiwe hesabu ya mwaka bila kuomba, maana takwimu zote wanazo wao. Mbili, dai likishaidhinishwa liwe na tarehe ya kulipwa, na ikipita tarehe hiyo Serikali ilipe riba ileile inayotutoza sisi. Tatu, siku wanapotangaza makusanyo ya mwezi, watangaze na marejesho: wameombwa kiasi gani, wamelipa kiasi gani, dai kongwe lina siku ngapi. Nne, mwajiri anayekata asipeleke atangazwe jina lake hadharani, kama anavyotangazwa mwizi wa kuku.

Mwisho kabisa, nakukumbusha unakaa chini ya mlima wa namna gani. Mwaka 1951 mkoloni Mwingereza aliwafukuza Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wazee wale hawakuwa na kompyuta, wengi hawakuwa na hata darasa la nne. Walichanga senti kwa senti, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, akasimama Umoja wa Mataifa akasema: tumenyang'anywa, tunadai. Hawakupewa siku ileile. Lakini dunia ilijua wanachodai, kwa maandishi, na nani anadaiwa.

Wale walivuka bahari kudai mali yao. Wewe ofisi ya TRA iko mjini humuhumu, nauli ya daladala tu. Karatasi za mshahara ziko chini ya godoro. Miaka mitatu inahesabika wakati unasoma mstari huu. Chomoa karatasi, piga hesabu, andika barua, dai mhuri.

Kisha turudi wote tuwaulize wakubwa, kwa sauti moja: chetu kiko wapi?